Kumbukumbu ya Muda Mrefu na Ushuhuda wa Wazee wa Isiolo

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda Isiolo kukusanya masimulizi ya wazee huenda akapokewa na onyo kutoka kwa vijana wa nyumba. Ataambiwa kwamba mzee ameshachoka, na kwamba hakumbuki hata kama asubuhi alikunywa chai. Kisha mzee huyo huyo, akiulizwa habari za miaka ya sitini, atataja kisima walichonyweshea ng'ombe, rangi ya fahali aliyechukuliwa na upande ambao lori la askari lilitokea. Mwanafunzi atabaki njia panda. Je, aandike anayoyasikia, au ahesabu kwamba asiyeikumbuka chai ya asubuhi hawezi kuaminiwa kuhusu mwaka 1966?

Jibu ambalo aghalabu hutolewa ni kwamba mzee amepoteza kumbukumbu ya muda mfupi, ila ile ya muda mrefu ingali nzima. Kauli hii imeenea mno, hata miongoni mwa wasomi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kauli hiyo haiafikiani na maana ya istilahi zenyewe. Vilevile yatabainisha kwamba kumbukumbu ya muda mrefu si ghala kubwa la vitu vile vile vilivyomo katika kumbukumbu ya muda mfupi, bali ni mfumo mwingine wenye taratibu zake, na kwamba nguzo ya mfumo huo ni maana. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, suala hili si la saikolojia pekee. Namna anavyoielewa kumbukumbu ndiyo itakayoamua aulize nini, aulize vipi na aulize kwa lugha gani.

Muda mfupi ni mfupi kiasi gani?

Katika mazungumzo ya kila siku, "muda mfupi" waweza kuwa saa, siku au juma. Katika taaluma ya saikolojia ni sekunde tu. Lloyd na Margaret Peterson (1959) waliwapa watu konsonanti tatu wazikumbuke, kisha wakawataka wahesabu kwa kurudi nyuma, wakipunguza tatu kila mara, ili wasipate nafasi ya kuzikariri konsonanti hizo kimoyomoyo. Baada ya sekunde 18 hivi, sehemu kubwa ya konsonanti hizo ilikuwa imetoweka. Bila kukaririwa, kilichomo katika kumbukumbu ya muda mfupi hakimalizi hata dakika.

Fauka ya ufupi huo, nafasi yenyewe ni finyu. George Miller (1956) alikadiria kwamba mtu mzima huweza kushika kwa pamoja vipashio saba hivi, akizidisha au kupunguza viwili. Nelson Cowan (2001) alilichunguza upya suala hili, akahitimisha kwamba iwapo mtu hana nafasi ya kukariri wala ya kupanga makundi, idadi hiyo hushuka hadi vinne hivi. Nambari ya simu ya mkononi nchini Kenya ina tarakimu kumi, nayo hupita uwezo huo. Ndiyo sababu mchuuzi wa mbuzi akimtajia mwenzake nambari yake hataji tarakimu moja moja kwa mwendo mmoja. Huzikata katika mafungu matatu, akatua baada ya kila fungu. Kwa kufanya hivyo, tarakimu kumi hugeuka kuwa vipashio vitatu, navyo hutosha katika nafasi iliyopo.

Alan Baddeley na Graham Hitch (1974) waliongeza jambo muhimu. Walionyesha kwamba hifadhi hii fupi si kibweta cha kuwekea vitu tu, bali ni uwanja wa kazi. Humo ndimo tunamoshika mwanzo wa sentensi tukingojea kitenzi, na ndimo mfanyabiashara anamopiga hesabu ya bei ya ng'ombe watatu bila kalamu. Kwa hiyo wataalamu wengi sasa huiita kumbukumbu ya utendaji.

Sasa na tuirejelee chai ya asubuhi. Ikiwa sasa ni saa sita mchana, tukio la kunywa chai limekwisha kuvuka mpaka wa sekunde zile tangu zamani. Kama lipo kichwani, limo katika kumbukumbu ya muda mrefu. Kama halipo, basi halikuhifadhiwa humo, au limehifadhiwa lakini halifikiki. Mzee anayefuata mazungumzo, anayejibu swali aliloulizwa punde na anayemaliza sentensi aliyoianza, kumbukumbu yake ya muda mfupi inafanya kazi. Kilichodhoofika kwake ni uwezo wa kuingiza mambo mapya katika hifadhi ya kudumu. Mfaransa Théodule Ribot alikwisha kuliona jambo hili mwaka 1881, alipoeleza kwamba kumbukumbu inapoharibika, aghalabu mambo ya karibuni hutangulia kupotea na ya kale hubaki nyuma.

Ushahidi wa mifumo miwili

Mtu anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba hii ni mifumo miwili, wala si mmoja wenye viwango viwili? Ushahidi ulio bayana zaidi umetokana na wagonjwa.

Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibiwa kifafa. Daktari William Scoville aliondoa sehemu za ndani za pande mbili za ubongo, ikiwemo sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini Molaison hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alilazimika kujitambulisha upya kila alipokutana naye. Hata hivyo, Molaison aliweza kushika tarakimu chache na kuzirudia kama mtu mwingine yeyote, na mambo mengi ya utotoni mwake aliyakumbuka. Uwanja wa kazi ulikuwa mzima, na sehemu kubwa ya hifadhi ya zamani pia. Kilichokatika ni njia ya kutoka uwanjani kwenda hifadhini. Aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2008.

Kinyume chake pia kilipatikana. Tim Shallice na Elizabeth Warrington (1970) walieleza habari za mgonjwa wa Uingereza aliyeumia kichwani, ambaye aliweza kurudia tarakimu moja au mbili tu, lakini aliyejifunza na kuhifadhi mambo mapya kwa muda mrefu bila shida. Ikiwa mfumo wa kwanza unaweza kuharibika na wa pili ukabaki, na wa pili ukaharibika na wa kwanza ukabaki, basi hatuna budi kukubali kwamba ni mifumo miwili.

Mwanafunzi wa isimu atavutiwa zaidi na tofauti nyingine, ambayo Baddeley aliibainisha mwaka 1966. Tuchukue orodha mbili za maneno ya Kiswahili. Ya kwanza ni bata, kata, pata, tata, chata. Ya pili ni kubwa, pana, nene, refu, kuu. Mtu akitakiwa kuzirudia papo hapo kwa mpangilio wake, orodha ya kwanza ndiyo itakayomchanganya, kwa sababu maneno yake yanafanana kwa sauti. Akitakiwa kujifunza orodha ndefu na kuikumbuka baada ya muda, kufanana kwa sauti hakutamsumbua sana. Kutakakomsumbua ni kufanana kwa maana. Kwa ufupi, kumbukumbu ya muda mfupi hutegemea mno sauti, na ile ya muda mrefu hutegemea mno maana. Ndiyo maana msikilizaji wa hadithi husahau maneno yenyewe ya fanani kabla hadithi haijakwisha, ilhali kisa chenyewe hukaa naye miaka.

Mpangilio wa kumbukumbu ya muda mrefu

Hifadhi ya kudumu nayo ina vyumba. Mgawanyo wa kwanza ni baina ya tunayoweza kuyaeleza na tunayoweza kuyatenda tu. Molaison alifundishwa kuchora umbo la nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo. Kwa siku tatu mfululizo mkono wake ulizidi kuwa hodari, ijapokuwa kila siku alidai kwamba hajapata kuifanya kazi hiyo. Stadi ilihifadhiwa mahali pasipo tukio. Ndivyo ilivyo kwa mwanamke wa Isiolo anayefunga mzigo wa nyumba juu ya ngamia. Mikono yake inajua, lakini akiombwa aeleze hatua kwa hatua huenda akasema, "Ngoja nikuonyeshe."

Tunayoweza kuyaeleza nayo yaligawanywa na Endel Tulving (1972) katika sehemu mbili. Kumbukumbu ya maarifa huhifadhi tunayoyajua bila kujali tuliyajua lini: kwamba Uaso Nyiro ni mto, au kwamba ngeli ya A-WA ni ya viumbe hai. Kumbukumbu ya matukio huhifadhi yaliyotupata, pamoja na mahali na wakati wake. Kwa Wasomali wa Isiolo, ambao baadhi ya mababu zao walikuwa askari waliopewa makao hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtoto hufundishwa nasaba yake, iitwayo abtirsi, jina baada ya jina hadi kufikia babu wa mbali. Nasaba hiyo ni maarifa. Siku aliposhindwa kuitaja mbele ya wageni na baba yake akamtazama, hilo ni tukio.

Maarifa na matukio hayalali hifadhini kama magunia yaliyorundikwa. Yameunganishwa kama nyuzi za wavu, na ukivuta uzi mmoja, nyuzi za jirani hutikisika. Mtu anayejua mengi kuhusu jambo fulani ana nyuzi nyingi za kulifungia jambo jipya. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza habari za mchungaji mmoja wa Kiswazi kusini mwa Afrika. Mchungaji huyo alitakiwa ataje ng'ombe walionunuliwa na mwajiri wake kiasi cha mwaka mmoja kabla. Aliwataja mmoja mmoja kwa rangi, bei na aliyewauza, akakosea mambo mawili madogo tu. Lakini Bartlett alipompa mtoto wa Kiswazi ujumbe mfupi aupeleke upande wa pili wa kijiji, mtoto huyo hakufanya vyema kuliko mtoto wa Kiingereza. Bartlett hakuhitimisha kwamba Waswazi wana kumbukumbu ya ajabu. Alihitimisha kwamba ng'ombe ni kiini cha maisha ya jamii ile, na kwamba mtu hukumbuka vyema yale yenye uzito katika maisha ya jamii yake.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya sokoni na ni ya kweli, lakini kwa mfugaji yahitaji tahadhari. Mfugaji wa Isiolo anayemtambua kila mnyama kwa mabaka, kwa pembe na kwa mama aliyemzaa ana daftari la namna nyingine. Hata wakati wenyewe umepangwa kwa maana. Waborana huhesabu historia yao kwa vipindi vya miaka minane, na kila kipindi huitwa kwa jina la Aba Gada aliyeongoza. Kipindi cha Jaldesa Liban, kwa mfano, kilianza mwaka 1960 na kukoma mwaka 1968. Mzee asiyejua tarakimu "1966" anaweza kujua bila shaka kwamba tukio lilikuwa katika kipindi hicho, baada ya ukame fulani na kabla ya tohara ya mdogo wake.

Kumbukumbu hujengwa upya

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kinachotegemea maana ni salama daima. Bartlett aliwapa wasomaji wa Kiingereza hadithi ya Wenyeji wa Marekani, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi iligeuka mashua, na kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Kila msimuliaji aliiweka hadithi katika ulimwengu alioufahamu. Kukumbuka, kwa mujibu wa Bartlett, si kufungua sanduku na kutoa kilichomo. Ni kujenga upya kwa kutumia vipande vilivyobaki na maarifa tuliyo nayo leo.

Lugha ya muulizaji nayo huingia katika ujenzi huo. Elizabeth Loftus na John Palmer (1974) waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari, kisha wakawauliza magari yalikwenda kwa kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, kinacholingana na "yalipopondana", walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi chepesi kama "yalipogusana". Juma moja baadaye, wengi zaidi miongoni mwa walioulizwa kwa kitenzi kizito walidai kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na vioo vilivyovunjika.

Ushuhuda wa gaafa daba

Yote haya yanakutana Isiolo katika kipindi ambacho Waborana wa huko hukiita gaafa daba, jina ambalo hufasiriwa kuwa wakati ambao mambo yalisimama. Isiolo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Mwezi Juni 1963, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na Chifu Haji Galma Dido waliuawa. Uhuru ulipatikana mwezi Desemba mwaka huo, na kabla mwezi haujakwisha hali ya hatari ilitangazwa kaskazini. Vita vilivyofuata, ambavyo serikali iliviita vita vya shifta, viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya mwezi Oktoba 1967 baina ya Kenya na Somalia, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo, wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, kama vile Garba Tulla na Merti, na familia nyingi zilipoteza mifugo yao karibu yote. Mwaka 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza mashahidi mjini Isiolo, na mwaka 2013 ikatoa ripoti yake. Lakini mengi hayajaandikwa, na aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1966 sasa amepita miaka 70.

Kwa mintarafu ya wazee hao, elimu ya kumbukumbu inatufundisha mambo manne.

Kwanza, tusimpime mzee kwa chai ya asubuhi. Kuhifadhi tukio jipya na kulifikia la kale ni kazi mbili tofauti. Isitoshe, David Rubin na wenzake (1986) walionyesha kwamba watu wazima wakongwe hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata baina ya umri wa miaka 10 na 30. Wengi wa mashahidi wa gaafa daba walikuwa katika umri huo au karibu nao.

Pili, tusianze na tarehe. Tarehe ni uzi mwembamba katika wavu wa mfugaji. Tuanze na kisima, malisho, mnyama, ndoa au ukame, kisha tuyaoanishe hayo na kalenda sisi wenyewe. Aliyekosea mwaka hajasema uongo kuhusu tukio.

Tatu, tuchunge vitenzi. Ukimuuliza mzee, "Askari walipowachinjia ng'ombe wenu, ilikuwaje?" umekwisha kumpa jibu. "Ng'ombe wenu walipatwa na nini?" ni swali lililo wazi. Vilevile mashahidi wasikilizwe mmoja mmoja kabla ya kukaa pamoja, ili neno la mmoja lisigeuke kumbukumbu ya mwingine. Panapotofautiana masimulizi yao, tuziandike tofauti hizo bila kuzifuta.

Nne, na hili ndilo zito kwetu wapenzi wa Kiswahili, lugha yenyewe ni mlango wa hifadhi. Viorica Marian na Ulric Neisser (2000) waliwahoji watu waliohamia Marekani wakizungumza Kirusi na Kiingereza. Walipohojiwa kwa Kirusi, walikumbuka zaidi matukio ya enzi waliyoishi kwa Kirusi. Walipohojiwa kwa Kiingereza, walikumbuka zaidi yale ya enzi ya Kiingereza. Kijana aliyezungushiwa seng'enge Garba Tulla mwaka 1966 aliyasikia maombolezo ya mama yake kwa Kiborana, na huenda Kiswahili alikisikia kwanza kwa sauti ya askari. Tukimhoji kwa Kiswahili pekee, yamkini tunamfungulia mlango ambao nyuma yake hakuna mama, pana amri tu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kubainisha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ni uwanja wa sekunde chache, finyu, unaotegemea mno sauti, ilhali ile ya muda mrefu ni mfumo mpana wa stadi, maarifa na matukio yaliyofumwa kwa maana. Kufumwa huko ndiko kunakoipa uimara, na ndiko kunakoipa udhaifu pia, kwa kuwa kinachofumwa huweza kufumuliwa na kufumwa upya. Mtafiti hana budi kuyashika yote mawili, asimdharau shahidi na asimgeuze msahafu.

Kiswahili kitabaki kuwa lugha ya kuyaandika na kuyaeneza masimulizi ya Isiolo, na hiyo ni heshima yake. Lakini kabla ya kuyaandika, inafaa mwanafunzi aende na mkalimani wa Kiborana, amwombe mzee asimulie kwa lugha aliyoishi nayo siku zile, kisha tafsiri ifuate. Kazi itachukua muda zaidi. Wazee wenyewe, hata hivyo, hawana muda mwingi wa kutungoja.